Niliandika moja, seva ikasoma sifuri

Nawasihi, ndugu zangu, neno hili lisitoke hapa.

Leo niliagizwa kuwasha upya seva ya ofisi. Kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, kiini cha mfumo wake, nikaandika audit=1, ili kila anayeingia arekodiwe.

Ikawaka. Kwa mazoea yangu nikafungua /proc/cmdline, faili linaloonyesha vigezo ambavyo seva imewaka navyo, kuhakiki.

audit=0.

Yaani rekodi zimezimwa! Nikarekebisha, nikawasha tena.

Sifuri ileile.

Kumbe bosi alikuwa nyuma yangu. "Nani kakutuma uhakiki?"

"Ni mazoea tu, bosi."

"Yaache."

Tangu mchana nenosiri langu linakataliwa. Na aliyegusa vigezo vile mwisho, kwa jina lililobaki kwenye mfumo, ni mimi.

Mngefanyaje?

Msinipigie kazini. Nisubirini kanisani Bredäng Jumapili, baada ya ibada, mlango wa nyuma. Tuongee Kiswahili tu, wenyeji wasituelewe.