Goti Lililogoma Kunyooka

Nikisikia harufu ya mawese yanayopashwa moto, goti langu la kushoto hulegea lenyewe, hata sasa nimezeeka. Mama alinipaka mafuta hayo, yaliyotoka Walikale, kila jioni kule kijijini kwetu Bihambwe, maana tangu kuzaliwa miguu yangu ilikuwa imekakamaa na sikuweza kutembea.

Siku moja, katika miaka ya hamsini, alinibeba mgongoni alfajiri, kwenye ukungu, hadi zahanati ya misioni. Daktari Mzungu alikuwa amepanda kutoka Goma. Njiani Mama alinionya, "Munganga iko muntu mukubwa. Usilie, usicheke, usitikisike." Ndivyo tulivyolelewa: mtoto mbele ya mkubwa awe gogo. Nikawa gogo kweli, tena lenye baridi.

Daktari alikuwa na kipimo cha chuma chenye mikono miwili, kinachofunguka kama mkasi. Alikibandika gotini, akasukuma mguu, akatikisa kichwa. Papa Semire, muuguzi wetu, akatufasiria: goti halinyooki, nipelekwe Goma nikakatwe mishipa ya nyuma yake, nikae huko miezi na plasta ngumu mguuni, bila Mama. Niliogopa mno, lakini sikulia. Nilikuwa nimekatazwa.

Mchana, kabla ya gari la daktari kuondoka, Papa Semire alikuja kupima tena. Alinikuta jikoni mwa zahanati kwenye joto, nasinzia mapajani pa Mama. Goti likanyooka kuliko asubuhi. Daktari akafoka kwamba muuguzi amekosea. Wakanirudisha juu ya meza ile baridi, wakapima wote wawili, na goti likagoma kama asubuhi. Papa Semire akainamisha kichwa.

Hapo Mama, aliyekuwa akiona haya hata mbele ya katekista wa misioni, akapita katikati yao. Akasugua viganja, akanishika paja, akaanza kunitania kama nyumbani, kwa sauti.

"We kabinti kangu, unamufichia nani magoti? Ao unangoja bwana atoke Muheto na ngombe ya mahari?"

Nikacheka, nikamsahau daktari. Mguu ukalegea.

"Pima sasa, Munganga. Huyu njo mutoto wangu wa kweli. Ya asubui ilikuwa woga."

Daktari akapima, Papa Semire akapima. Safari hii wakapatana kwamba goti linanyooka. Gari likashuka Goma bila mimi.

Njia nzima ya kurudi, mgongo wa Mama ulikuwa ukitikisika chini ya kifua changu. Nikadhani bado anacheka, nami nikacheka naye. Nilikuwa nimeshazaa mtoto wangu wa kwanza ndipo nilipojua kwamba kile hakikuwa kicheko.