Kikombe cha Muthoka na Kioo Kinachojiosha

Wavinya alikuwa na mwiko wake: kikombe alichonywea mumewe, Muthoka, chai ya asubuhi hakioshwi mpaka mwenyewe arudi salama. Kilishinda mezani kutwa nzima, chumbani kwao mtaa wa Landless, Thika, kikikusanya nzi. Muthoka alimcheka, lakini hata yeye hakuthubutu kukiosha. Mtu anayening'inia kwenye kamba akisugua madirisha ya maghorofa hadharau mwiko wa mkewe.

Alikuwa gwiji wa kazi hiyo, Thika nzima hadi Ruiru. Lakini mwaka huu kichwa kilianza kumzunguka akiwa juu. Ukuta ulicheza, akaikumbatia kamba huku akimwita Mungu. Hakumwambia mtu. Akisema, kazi imekwisha. Akinyamaza, siku moja ataanguka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Ndipo akaitwa kwenye jengo jipya Ruiru. Alifika na ndoo, sabuni, na silaha yake ya siri dhidi ya kinyesi cha ndege: waya wa kusugulia sufuria. Kabla hajakigusa kioo, Bridget, fundi mkuu wa madirisha, akapiga kelele.

"Mzee, wacha! Hiyo waya itakwaruza. Hizi glasi zinajiosha."

"Zinajiosha? Madam, nimeosha madirisha tangu nikiwa kijana. Sijaona hata moja ikishika kitambaa!"

Bridget akacheka, akamweleza. Upande wa nje umepakwa utando wa madini, mwembamba hata jicho haliuoni. Jua likiupiga, utando huo unaumega uchafu kidogo kidogo, mafuta na kinyesi cha ndege, mpaka unakosa pa kushika. Mvua ikija, maji hayagandi kwa matone. Yanatandaa kama shuka na kuteremka na taka zote. Simiti na rangi tu ndizo utando hauziwezi.

Muthoka akaguna. Maneno matupu hayavunji mfupa, na yeye si mtoto wa kudanganywa.

Mchana mvua ikamwagika. Akasimama ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha muuza mahindi, akitazama. Lile vumbi jekundu analolijua kama jina lake likaanza kutembea. Likashuka ghorofa baada ya ghorofa, bila mkono, bila kamba, bila mtu wa kuogopa. Jua lilipochomoza, mawingu yalionekana kwenye vioo vile kana kwamba hakuna kioo.

"Ngai! Mungu wangu!" akanong'ona, nywele zimemsimama. Kisha hofu ikamrudia, akamwendea Bridget. "Sasa mimi nitakula wapi?"

"Ndani jua na mvua haziingii, na hapa barazani mvua haifiki. Huku tumeweka glasi za kawaida, na zinataka mkono wako kila wiki. Miguu yako ikiwa chini, lakini."

Muthoka akaigeuza ndoo, akaikalia, akalia mbele ya watu bila haya. Mungu si Athumani.

Jioni alimweleza mkewe yote, hata kile kizunguzungu. Wavinya hakumgombeza; alimshika tu mkono, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake Muthoka alimaliza chai, akainama kufunga kamba za viatu. Alipoinuka kwenda kazini, kikombe chake kilikuwa kimeshaoshwa, kimefunikwa kwenye rafu pamoja na vingine.