Radhamés Guilamo na Mpira wa Glavuni

Radhamés Guilamo alicheza besiboli ya kulipwa miaka kumi na tisa, na ukitoka mji wake wa San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika, hakuna anayemjua. Alikuwa mlinzi wa kituo cha pili, mikono myepesi, magoti mabovu. Kule Marekani, kwenye timu kubwa, alidumu siku nne.

Alisajiliwa kwa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake Fremio, akajipunguzia miaka mitatu kama walivyofanya wenzake wengi, maana wasaka vipaji hawana haja na mtu aliyefika ishirini. Aliyejua ni Osiris Berroa peke yake, rafiki aliyekua naye, wakila mangú, ndizi za kupondwa, za mama Berroa sahani moja. Berroa naye aliitaka nafasi ileile. Siku ya tano Radhamés akaitwa ofisini, akakuta wanajua kila kitu, hadi jina la mkunga. Jezi akapewa Berroa, akakaa nayo miaka kumi.

Radhamés hakusamehe, wala hakujifanya amesamehe. Alirudi ligi ya nyumbani, na kila Desemba Berroa alipokuja kucheza, alimchokoza pale kituoni: "Babu, cheti cha mwaka huu kinasemaje?" Radhamés alitema mate.

Ikafika mechi ya kumuaga Berroa. Uwanja ulifurika, mama yake kaketi mbele na jezi ya mwanawe. Timu ya Berroa ilikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu ya mwisho ya kupiga, wapigaji wawili wameshatolewa. Akitoka wa tatu, basi. Berroa akapiga mpira mkali, akakimbia hadi kituo cha pili, akaanza kuwapungia watu. Mpira ukarudishwa kwa Radhamés, aliyekuwa akilinda kituo hicho kwa timu pinzani. Akamwendea mrushaji wa timu yake, akajifanya anamkabidhi, akarudi nao umefichwa ndani ya glavu. Mrushaji akaelewa, akainama kando kufunga kamba za viatu.

"Babu, leo hunisalimii?" Berroa akasema, akibandua mguu kituoni, na aliyebandua mguu akiguswa na mpira hutoka.

Radhamés akamgusa mbavuni kwa glavu, kisha akaifungua mwamuzi auone mpira. Mwamuzi akanyoosha ngumi. Berroa katoka, na mechi imekwisha.

"Nimezaliwa mwaka wa sabini na nne, Osiris," Radhamés akamwambia taratibu. "Nenda kawaambie na hilo."

Alipokuwa akitoka, alimpita mama Berroa, naye akageuza uso. Hilo lilimuuma Radhamés, lakini kidogo tu.