Sufuri za Msitu wa Serikali

Juzi katika ofisi ya misitu hapa Malindi nilisimama nyuma ya mzee mmoja, mkulima wa kijiji cha Ganda, aliyekuja kuomba kibali cha kukata mwarobaini wake, alioupanda mwenyewe, apate mbao za mlango.

"Unene wake?" akauliza karani.

Mzee akakumbatia hewa. "Hivi."

Karani, uso mkavu, akatoa utepe akaipima hewa ile ile. "Usitikisike, mzee." Kisha akaandika katika kitabu cha miti inayokatwa, upande wa mashamba ya watu, uliojaa hadi chini. Upande wa msitu wa serikali ulikuwa sufuri tupu.

"Mwanangu, kwani huko hawakati?" akauliza mzee, mikono ingali hewani.

"Hakuna aliyekuja kuomba."

Mara lori likapita nje, likitoka msituni, limesheheni magogo ya mbambakofi hata kuta zikatetemeka. Karani akafunga dirisha vumbi lisiingie kitabuni.

Basi mkiambiwa wakulima ndio wanaomaliza miti, na msitu wa serikali haujapungua hata ufito, msibishe. Kitabu nimekiona kwa macho yangu. Kisafi, hakina hata vumbi.