Mguu wa Papa Haukuwa na Wasikilizaji

Siwapendi watu wanaokuja kumwona mgonjwa. Nimesema, na anayetaka kununa anune. Kwetu Kamembe mgeni hajakaa sawasawa kwenye kiti, tayari anauliza, "Ilianza namna gani?" Na mgonjwa, hata akiwa anahema, lazima aanze upya, maana akikataa ataambiwa ana majivuno.

Papa yangu ni seremala. Alianguka kutoka juu ya paa, akaumia mgongo, akalala chali wiki kadhaa. Kisha shavu la mguu mmoja likavimba, likawa la moto. Baadaye kifua kikambana. Ndiyo habari yote, na mara ya kwanza aliisimulia hivyohivyo. Wageni wakapiga miayo.

Kilichowaamsha ni ugomvi. Jirani aliwahi kuzozana naye juu ya mbao, akamwambia, "Utaona." Kwa kila mgeni ugomvi ulirefuka na mguu ukafupika, mwisho mguu ukatoka kabisa kwenye habari. Akina mama waliotoka Rwimbogo na ndizi zao walishika vichwa, na Papa akazidi kukolea. Pumzi hakuwa nayo, ila ya kusemea "Utaona" aliipata.

Tulipomfikisha hospitali, daktari kijana alivuta kiti, akaweka kalamu chini, akauliza kwa upole, "Muzee, ilianza namna gani?" Pengine alifundishwa kumwacha mgonjwa asimulie. Vizuri sana. Hakujua tu kwamba habari ile ilikwisha kupigwa randa na mtaa mzima. Papa akaanza na mbao.

"Papa, muonyeshe mguu," nikasema.

"Wewe, acha muzee aongee!" shangazi akanifokea.

Midomo ya Papa ilikuwa inageuka rangi, na bado alikuwa anaiga sauti ya jirani. Niliogopa, na niliwachukia wote mle ndani, yeye pamoja nao. Nikalivuta blanketi mwenyewe. Daktari aliuona mguu, akasimama, akaita wauguzi. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na bonge moja lilikuwa limefika kwenye mapafu.

Alipona. Hajanisamehe. Wageni wamerudi, mguu umetolewa tena kwenye habari, na jirani hasalimiwi. Juzi Papa alininyooshea kidole mbele yao.

"Huyu mutoto aliniharibia istwari yangu kwa dokta. Hakuniacha nimalize."

"Papa," nikamwambia, "ungeimaliza, leo tungekuwa tunaisimulia sisi."