Uji wa Walutheri na Mkia wa Baba Yetu

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata jina la mbuzi wa katekista. Siyaandiki. Wengine bado watanipikia msiba wangu, na mpishi wa msiba hachokozwi.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, kiangazi, kahawa inaiva. Binti yangu wa Mwanza akanipigia simu. "Mama, nakuletea wale wawili, wiki nne." Hakuuliza, alitangaza. "Huku wanataka kupelekwa kuogelea hotelini, na kila mlango una kiingilio. Huko kwako ni bure."

Bure! Mtu wa mjini akisema bure, ujue kuna mwingine atakayelipa.

Wakaja kwangu kijijini Kaagya, mvulana wa miaka minane na mdogo wake wa mitano. Mimi nyumbani nilikuwa na mjukuu mwingine, msichana wa miaka kumi niliyemlea tangu ananyonya. Huyo ndiye alikuwa shughuli yangu ya mwaka. Alikuwa amesoma miaka miwili apate komunyo ya kwanza, mtihani wa katekista ulikuwa ndani ya likizo hiyohiyo, na gauni lake jeupe lilishashonwa, limetundikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni. Tulikuwa tunapunguza sauti tukipita mbele yake.

Siku ya kwanza wale wa Mwanza wakauliza, "Bibi, televisheni iko wapi?"

Nikawaonyesha kuku. "Ina chaneli moja, lakini umeme haukatiki."

Wakamtazama kuku mpaka saa nne asubuhi, halafu wakaanza kupigana.

Nikawafundisha kuteleza. Unapasua gogo la mgomba ulioshakatwa, unakalia upande wa utelezi, unateremka kilima. Mimi mwenyewe nimeteleza hivyo hadi nilipoposwa, na mara moja baada ya kuposwa. Siku ya tatu mkubwa akarudi kaptula haina nyuma. Nikashona. Siku ya nne mdogo akaingia na gogo lake kwenye maharage ya jirani. Nikaomba msamaha. Siku ya tano nikalala chali sakafuni na kuhesabu wiki zilizobaki, zikawa tatu na zaidi.

Kigangoni kwetu kulikuwa na kipindi cha watoto, Jumatatu hadi Jumatano, asubuhi. Katekisimu, nyimbo, mpira, basi. Alhamisi na Ijumaa hakuna kitu. Ng'ambo ya bonde Walutheri nao walikuwa na kipindi chao, na chao kiliangukia Alhamisi na Ijumaa hizohizo. Tena kwao kulikuwa na uji wa maziwa, na kila mtoto andazi moja. Na hawaulizi umebatizwa wapi.

Nikawaza, Mungu ni mmoja, na andazi ni andazi.

Alhamisi asubuhi nikawapanga mstari uani, wote watatu. "Mkifika kule, ishara ya msalaba msifanye mpaka uji uishe. Wakiuliza ninyi ni wa nani, semeni ni watoto wa Mungu. Huo si uongo."

"Na Salamu Maria, bibi?" akauliza msichana.

"Mtaisali jioni hapa nyumbani. Mama wa watu naye apumzike."

Jirani yangu Mlutheri, huyu wa maharage, alitukuta njiani, akashangaa kwa kilugha chetu. "Mawe! Bibi, leo mmehamia kwetu?"

"Miguu ndiyo imehama," nikamwambia. "Mioyo iko Roma."

Alicheka mpaka akashika mti.

Wiki mbili zikapita kama maji. Watoto wanaondoka asubuhi, wanarudi mchana wameshiba, wanaimba. Mimi nikawa nalala usingizi wa mchana, kitu ambacho sikukifanya tangu niolewe. Hata nilinenepa.

Siku ya mtihani nilimsindikiza msichana kigangoni, wale wavulana nyuma yetu. Watahiniwa wakaingia mmoja mmoja, sisi tukakaa nje chini ya dirisha. Nikamsikia akijibu vizuri. Amri za Mungu, zote. Sakramenti, zote. Nikaanza kujiona.

"Haya, mwisho. Baba Yetu," akasema katekista.

Akaisali. Akafika utuopoe maovuni, pale ambapo sisi Wakatoliki tunasema amina. Mtoto hakusimama. Akaunganisha palepale na ule mkia wa ng'ambo, ufalme, na nguvu, na utukufu, kwa sauti nzuri ya kwaya, akamalizia na amina ndefu ya kupanda na kushuka.

Nikasikia kalamu inawekwa mezani.

"Mkia huo umeutoa wapi?" akauliza katekista.

Mtoto hakujibu. Nilimlea vizuri, hasemi uongo wala hamsaliti bibi yake. Lakini yule wa miaka mitano alikuwa ameshapanda jiwe, kichwa kiko dirishani. "Kule kwenye maandazi, mwalimu! Bibi amesema tusiseme."

Katekista akafunga daftari bila kuandika kitu. Akasema atakuja nyumbani.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika, msichana akalitoa gauni ukutani, akalikunja, akaliingiza chini ya kitanda. Hakulia. Akasema tu, "Na maandazi yenyewe yalikuwa madogo, bibi."

Hapo ndipo nilipoumia. Miaka miwili mtoto anapanda kilima kwenda mafundisho, mvua ikinyesha anavaa mfuko kichwani, halafu namkosesha mimi, kwa usingizi wa mchana.

Jioni katekista akaja na baiskeli yake. Mtu huyu nimemfuta kamasi akiwa mdogo, lakini siku hiyo nilimpa kiti kizuri na mimi nikakaa mkekani.

"Bibi, umeniaibisha. Watoto wa kigango changu wanajazana kwa Walutheri, na wewe ndiye kiongozi. Jina la huyu nalifuta. Asubiri mwaka kesho."

"Waitu," nikamwita kwa heshima ya kwetu, "mwalimu, nisikilize. Mtoto kwenye sala alipunguza?"

"Hakupunguza. Aliongeza."

"Na maneno hayo aliyoongeza, kwenye misa hatuyasemi?"

Jibu alilijua. Tunayasema. Padri anaingiza maneno yake kwanza, halafu sisi sote tunajibu hayohayo, ufalme na nguvu na utukufu.

"Basi kosa lake ni kwamba hakumsubiri padri," nikasema. "Mwalimu, unamfuta mtoto kwa haraka?"

Akatazama baiskeli yake. Niliona shavu linacheza.

"Anayestahili kufutwa ni mimi," nikaendelea. "Niandike mimi. Lakini na wewe nijibu. Alhamisi kigangoni kuna nini? Nimepita pale. Mlango wazi, na mbuzi wako ndani, amelala mbele karibu na altare, peke yake."

"Bibi, mwache mbuzi wangu."

"Nimemwacha. Yeye ndiye muumini wako wa Alhamisi."

Akacheka, hakutaka, lakini akacheka. Kisha akatoa hukumu, maana katekista hata akicheka lazima ahukumu. Jina la mtoto litabaki. Lakini Alhamisi na Ijumaa, mpaka likizo iishe, watoto wa kigango waje kwangu, nami niwashughulishe. Bila senti.

Nikakubali haraka. Nilidhani watakuwa sita.

Walikuja ishirini na kitu, na nyuma yao Walutheri, maana na huko unga wa uji ulikuwa umekwisha. Jirani wa maharage akawaleta mwenyewe. "Miguu ndiyo imehama, bibi," akaniambia. Nilistahili.

Tukateleza na magogo kilima kizima. Tukafunga mipira ya majani makavu ya migomba. Kahawa yangu iliyoanguka chini nikaifanya mashindano, Mwanza na Kaagya, nani anaokota zaidi. Ikaisha shambani kwa asubuhi moja, na msinitazame hivyo, walifurahi. Siku ya mwisho tukakamua ndizi za rubisi, pombe yetu ya kienyeji. Kwetu kukanyaga ndizi mbivu ilikuwa kazi ya wanaume, na mume wangu, Mungu amweke pema, hakuniruhusu hata kuusogelea ule mtumbwi wa kukanyagia. Nikanawa miguu, nikapandisha kitenge, nikaingia na watoto kumi. Ndizi zinapita katikati ya vidole kama uji wa baridi. Wazee walichokuwa wanatuficha ni raha hiyo. Usingizi wa mchana sikuuona tena.

Jumapili ya komunyo gauni lilivaliwa, limepigwa pasi mara mbili kuondoa mikunjo ya chini ya kitanda. Vidole vya mtoto vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, hakuna sabuni iliyofua dafu. Nyuma kabisa walikaa Walutheri wake, wamekuja kumtazama mwenzao.

Tukafika Baba Yetu. Nilimtazama msichana mgongoni. Akafika maovuni, akafunga mdomo, akasubiri. Nikashusha pumzi.

Kule nyuma hawakusubiri. Walikwenda moja kwa moja, ufalme, nguvu, utukufu, na ile amina ya kupanda na kushuka, na sauti iliyopaa juu ya zote ilikuwa ya mjukuu wangu wa miaka mitano. Padri alisimama mikono wazi mpaka wakamaliza, ndipo akaendelea na yake.

Katekista akageuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nimeinua macho darini, kama mtu anayesali sana.