Kaburi Langu la Nyangoto

Nimesimama kando ya kaburi langu mwenyewe mara nyingi, tena nikiwa mzima wa afya, sare imepigwa pasi. Liko Nyangoto, nyuma ya nyumba ya mama, kati ya migomba na zizi.

Makosa yalianzia dukani. Nilipokuwa luteni kijana, jeshi lilinipeleka ng'ambo kwa miaka mitatu kusomea kuongoza meli za kivita. Barua zangu za nyumbani zilipitia sanduku la posta la mwenye duka mmoja wa Nyamisangura, muumini wa kanisa letu. Mwaka wa pili habari za dhahabu ya Nyangoto zikampata huko mjini. Akafunga duka, akaja kuchimba kama wengine, na ufunguo wa sanduku akautia mfukoni akausahau. Barua zikalala posta. Nyumbani walingoja kimya mwaka mzima, wa kumuuliza jeshini hawakumjua, kisha mtu akasikia redioni kwamba meli imezama upande huo niliokwenda. Ikatosha.

Sisi ni Wajaluo. Tumeishi kati ya Wakurya tangu enzi za babu, lakini mila tulihama nayo. Mtu akifia majini na mwili usipatikane, huchukuliwa tunda la mvungunya, lile refu na zito tunaloliita yago, likazikwa badala yake. Baba alinizika hivyo. Wakalivika shati langu la shule, watu wakalia, ng'ombe akachinjwa, na mchungaji wa kanisa akajifanya ana safari.

Nilipotokea na begi langu, mama alinishika uso kwa mikono miwili. Baba alinitazama kama mtu aliyetapeliwa. Wazee wakaketi. Hakuna aliyewahi kuona marehemu akirudi nyumbani kuomba chai, kwa hiyo waliogopa kufukua, wakaamua kaburi liachwe lilivyo. Mimi nikacheka, nikarudi kazini Dar es Salaam.

Huko nilipanda vyeo. Nilikabidhiwa boti ya doria, baadaye meli, na mwisho ofisi yenye ramani ukutani na foleni ya watu wa kunipigia saluti. Nyumbani nilikuja wiki moja kwa mwaka, na mwaka mwingine nisije kabisa. Nilituma mabati, nikatuma redio, nikatuma blanketi. Nilijiona mtoto mwema sana. Baba alipofariki nilifika siku ya mazishi, na siku ya tatu nilikuwa njiani.

Miaka ikapita, mashimo ya dhahabu yakazidi kusogelea nyumba. Siku moja mdogo wangu akanipigia simu ofisini. Yeye na wachimbaji wenzake walikuwa wameufuata mwamba wenye dhahabu kutoka shamba la jirani, na sasa ulikuwa unaingia moja kwa moja chini ya kaburi langu.

"Kaka, kaburi ni lako," alisema. "Wewe ukikubali, nani atakataa?"

Nilikuwa natia saini makaratasi. Nikamjibu bila kuinua kalamu: "Fukueni. Ni tunda tu hilo."

Nilipokuja likizo nilikuta udongo haujaguswa. Wachimbaji wanne walikuwa wamekaa kivulini, sururu zao zimelala. Mama alikuwa ameweka kigoda chake juu ya kaburi, ungo wa maharage mapajani. Hiyo ilikuwa siku yake ya tatu pale.

"Zungumza naye," mdogo wangu alininong'oneza. "Sisi hataki kutusikiliza."

Nikamwendea kwa mwendo wangu wa kazini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, toka hapo juani. Mwenyewe si mimi hapa? Humo ndani hamna mtu."

Hakuinua macho. Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa pembeni. "Nyathina," aliniita, mwanangu, "umefika lini?"

"Leo."

"Unaondoka lini?"

"Jumapili."

"Huyu hajawahi kuniaga." Akaendelea kuchambua. "Baba yako alipougua, nilikuja hapa nikamweleza huyu. Wewe ulikuwa baharini. Mahindi yakikauka namweleza huyu. Sasa mkimtoa, jioni nitaongea na nani?"

Nimekaripiwa na majenerali mbele ya watu, na sikuwahi kuumia vile. Ndipo nikaliona kaburi, nadhani kwa mara ya kwanza. Halikuwa na hata unyasi mmoja. Mawe ya pembeni yalikuwa yamepakwa chokaa, na chokaa ya zamani ilionekana chini ya mpya. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza ni nani analipalilia. Niliona aibu, na wivu pia, nakiri, wivu wa kulionea tunda lililooza zamani.

Mchimbaji mmoja akasimama, akajikung'uta vumbi. "Mkubwa, tuanze?"

Mdogo wangu alinikazia macho. Nilijua ameshatumia miezi akiufuata mwamba ule, na nilijua neno langu ndilo lililobaki.

Nikavua viatu, nikaketi chini miguuni pa mama.

"Mwenye kaburi amekataa," nikawaambia.

Walichukua sururu zao wakiguna. Mama hakunishukuru. Alinisogezea ungo bila kunitazama.

"Basi chambua," alisema. "Jumapili bado."